Walimu wa sayansi na mazingira Dar: tuanzie kwenye kiwanja cha shule, masika hayo yanakuja

BintiPwani ameandika:

Wakuu, habari za kazi. Wengi wetu tuko kwenye kuandaa maazimio ya kazi, yaani mpango wa kufundisha, kwa hiyo nauleta uzi huu sasa hivi kabla mvua hazijaanza. Baadhi ya haya nitakayoyasema ukiyakosa Machi na Aprili, unasubiri vuli.

Nafundisha shule ya msingi upande wa Temeke, Sayansi pamoja na Jiografia na Mazingira. Kilichonifanya niandike ni hizi semina zetu. Tunaitwa, tunakaa ukumbini, projekta inawashwa, tunaelezwa habari za hewa ukaa na barafu ya Kilimanjaro, tunagawiwa daftari na kalamu, tunarudi makwetu. Jumatatu mwalimu anasimama mbele ya watoto na hana jambo hata moja la kuwaonyesha. Mimi naamini kabisa kwamba mwalimu akilifanya jaribio moja kwa mikono yake, pale pale shuleni kwake, akabishana na wenzake kuhusu majibu, atalifundisha vizuri kuliko aliyesikiliza mada kumi. Na kwa Dar, majaribio ya mazingira yametuzunguka. Hayahitaji maabara.

Anza na kufagia. Shule nyingi mjini hapa asubuhi ni fagio. Uwanja mzima unafagiwa mpaka ardhi inang'aa, majani yanakusanywa nyuma ya vyoo yanachomwa, halafu kengele inalia tunaingia darasani kufundisha rutuba ya udongo na uchafuzi wa hewa. Mtoto anaamini anachokifanya kila siku kuliko anachokinakili ubaoni. Sisemi shule iwe chafu. Karatasi, chupa, maganda, vyote viokotwe. Lakini majani yaliyo chini ya mti yana kazi pale.

Jaribio lenyewe ni hili. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, toa mfuniko na ukate kitako, libaki wazi pande zote. Weka alama kwa wino sentimita tano kutoka chini. Liweke juu ya ardhi, weka kipande cha ubao juu yake, gonga taratibu kwa jiwe mpaka alama iguse udongo. Mimina nusu lita ya maji. Washa saa ya simu. Fanya hivyo sehemu mbili: chini ya mwarobaini ambako majani yameachwa yakaoza, na pale watoto wanapojipanga mstarini kila siku.

Kwetu, chini ya mwarobaini maji yalizama wakati watoto bado wanagombania nani ashike simu. Pale mstarini yalikaa. Tuliyatazama, yakakaa, mpaka wakaanza kupiga makelele kwamba kopo limeziba. Nikawaambia walinyanyue waangalie. Ardhi chini yake ilikuwa imelowa unene wa kidole tu. Mtoto mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, mvua ikinyesha maji ya hapa yote yanaenda wapi?" Tukatoka wote kwenda kuangalia mtaro, na tope lililorundikana mdomoni mwa karavati. Somo la mmomonyoko na mafuriko lilianzia hapo, wala sikuwa nimeliandika kwenye andalio la somo.

Walio kwenye mchanga mtupu kama baadhi ya shule za Kigamboni, tofauti itakuwa ndogo. Tafuteni njia iliyokanyagwa sana ndiyo mpime hapo.

La pili ni kipima mvua. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyonyooka, isiyo na kiuno. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kuwa nyembamba, ipindue uiingize iwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo tumbukiza kokoto kidogo, mimina maji yazifunike, hapo ndipo pa kuchora sifuri. Kuanzia sifuri kwenda juu bandika rula ya karatasi yenye milimita na uifunike kwa gundi ya plastiki. Chimbia chupa kidogo isianguke, mahali pa wazi mbali na paa na miti. Soma kila siku saa tatu asubuhi, maana hiyo ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa, kisha rudisha maji kwenye sifuri.

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Hapo hesabu na sayansi zinakutana. Paa la madarasa mawili lenye mita 16 kwa 8 lina mita za mraba 128. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, inazungumzia zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Zidisha: lita 6,400. Ndoo 320 za lita ishirini, kwenye paa moja, siku moja. Zitapotea kiasi kwa kuruka na kuvuja, lakini hebu mwambie mtoto anayekuja shuleni na kidumu mkononi apige hesabu hiyo mwenyewe, umtazame usoni.

Naomba tuchangie. Nani anafanya nini shuleni kwake? Na kinachokwamisha ni nini?

ChakiMoja ameandika:

Dada hongera, uzi mzuri na umeandikwa na mtu wa darasani. Ila tuwe wakweli. Mimi darasa la tano nina watoto zaidi ya mia, na mkondo ni mmoja. Kipindi ni dakika arobaini. Nikiwatoa nje, dakika kumi zinaisha wakijipanga, dakika kumi wanarudi. Na mwisho wa siku napimwa kwa wangapi wamefaulu. Mwalimu wa taaluma akikukuta nje na makopo atakuuliza mada ya wiki imeisha?

BintiPwani ameandika:

Mwalimu ChakiMoja, nakuelewa, hali ni hiyo hiyo kwangu. Jinsi ninavyofanya: siwatoi wote. Wanatoka watoto kumi na wawili na makopo mawili, waliobaki wanachora jedwali na kubashiri majibu kwenye madaftari. Ubashiri ni lazima. Mtoto aliyeandika kabla kwamba maji yatazama haraka mstarini, akirudishiwa jibu tofauti, anataka kujua kwa nini. Wiki ijayo wanatoka wengine, sehemu nyingine ya uwanja. Baada ya wiki kadhaa una ramani ya uwanja mzima, na kila mtoto ameshika kopo.

Kipima mvua hakili kipindi kabisa. Watoto wawili wa zamu wanasoma asubuhi, wanaandika kwenye jedwali ukutani.

Kuhusu mtihani, siku hizi maswali mengi yanamtaka mtoto atumie alichojifunza, si kukariri. Aliyechora grafu ya mvua ya shule yake hapati tabu na grafu ya mvua ya mtihani.

AfyaMtaani ameandika:

Wakuu, mimi si mwalimu, nafanya kazi za afya ya jamii, lakini huwa naalikwa mashuleni kuzungumza kuhusu malaria. Naunga mkono mleta mada na naomba niongeze somo moja ambalo kwa Dar naona ni la lazima: viluwiluwi vya mbu, yaani watoto wa mbu wanaoishi majini.

Karibu kila shule ina sehemu yenye maji yaliyotuama. Tairi bovu, kopo, ndoo iliyopasuka, kifuu cha nazi, karavati lililoziba. Chukueni chupa nyeupe inayoonyesha ndani, choteni maji hayo, wekeni mezani watoto wasogee kwa zamu. Mwambieni kila mmoja atazame kwa dakika nzima bila kuongea. Wataanza kuona vinapanda juu kuvuta hewa, ukigonga meza vinakimbilia chini vikijipindapinda.

Sasa waangalie vinavyokaa juu. Kiluwiluwi cha Anofelesi, yule mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea, kwa sababu hana mrija wa kupumulia. Wale wa mbu wa aina nyingine, Kuleksi na Aedesi, wananing'inia kichwa chini, mrija juu. Kwa macho tu, bila hadubini, mtoto wa darasa la nne anakwambia huyu ni wa malaria, huyu siye. Watu wazima wengi hawalijui hilo.

Na mahali ulipowakuta ni jibu lingine. Anofelesi hupenda zaidi maji yaliyotulia yanayopigwa na jua, kama madimbwi na mashimo ya kufyatulia matofali. Kuleksi hapa mjini wamejaa kwenye maji machafu, mashimo ya vyoo na mitaro, nao ndio wanaotuletea matende na mabusha. Aedesi anapenda vyombo: tairi, makopo, ndoo, hata sahani ya chini ya chungu cha maua. Huyu ndiye wa homa ya dengue na anauma mchana, saa ambazo mtoto yupo shuleni na hakuna chandarua. Dar tulipata mlipuko wa dengue 2014 na tena 2019. Tulitangaza redioni, tulibandika mabango. Lakini mtoto aliyewaona viluwiluwi kwenye tairi la shule yake anakwenda nyumbani na kupindua kila kopo uani.

Tahadhari: funikeni chupa kwa kipande cha chandarua na mpira, na msikae nayo zaidi ya siku mbili tatu, maana kwa joto letu yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Mkimaliza, mwageni kwenye mchanga mkavu juani, si mtaroni.

ChakiMoja ameandika:

Hii ya viluwiluwi naifanya wiki hii hii. Nyuma ya jiko letu kuna matairi ya bustani ya maua.

MkemiaWaKidato ameandika:

Mimi niko sekondari. Huku shida ni mbili, vifaa na lugha. Mtoto ametoka darasa la saba akisoma kila kitu kwa Kiswahili, Januari anaingia kidato cha kwanza anakutana na Kemia kwa Kiingereza, wiki ya kwanza ananyamaza, ya pili ananyamaza, mpaka unadhani hana akili. Mimi nimeamua: jaribio kwanza, wazungumze kwa Kiswahili wanavyoweza, wabishane. Wakishajua walichokiona, ndipo tunaweka Kiingereza juu yake.

Jaribio langu la kufungulia mwaka ni rosela. Ile ile ya juisi, wengine wanaita choya, inauzwa kila soko. Loweka konzi moja ya maua makavu kwenye maji ya moto, subiri ipoe, chuja. Unapata maji mekundu ya damu ya mzee. Panga glasi tano nyeupe na umimine kidogo kidogo kila moja. Moja iache kama ilivyo. Ya pili kamulia ndimu, wekundu unachangamka. Ya tatu tia magadi yale ya kupikia maharage: hapo darasa zima linasimama, maana wekundu unageuka mbele ya macho yao kuwa samawati iliyochanganyika na kijani. Ya nne maji ya majivu ya mkaa yaliyochujwa. Ya tano maji ya sabuni ya unga. Halafu rudisha ndimu kidogo kidogo kwenye ile ya magadi, inatoa povu na rangi inarudi taratibu. Hapo nimeshawafundisha asidi, besi, na kuzimuana kwake, na hakuna aliyegusa kemikali ya kumuunguza.

La pili ambalo ni la mazingira hasa: maji ya kisima. Wengi wetu Dar tunatumia visima na vingine maji yake ni ya chumvi. Chukua visahani viwili, kimoja maji ya mvua, kingine maji ya kisima, kiasi kile kile, anika juani juu ya bati hadi vikauke. Cha mvua kinabaki karibu kitupu. Cha kisima kina utando mweupe. Mwachie mtoto akwangue kwa ukucha. Kisha waeleze jinsi ilivyo karibu na pwani: maji baridi ya ardhini yanakaa juu ya maji ya bahari, na tukivuta kwa pampu kuliko mvua inavyorudisha, maji ya chumvi yanasogea kuelekea kisimani. Sasa rudini kwenye kopo la BintiPwani. Ile ardhi iliyopigwa fagio ikawa ngumu, maji yanapita juu yake kwenda mtaroni badala ya kushuka kujaza kisima. Haya masomo ni mamoja.

MzeeWaJangwani ameandika:

Wanangu walimu, nawasalimu. Mimi ni mstaafu, nimeishi Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, miaka mingi kabla hatujahama. Mafuriko ya Desemba 2011 nayakumbuka, makumi ya watu walikufa mjini hapa, na familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande.

Jambo ninalotaka mlifundishe watoto ni hili. Siku nyingine Jangwani jua linawaka, mtoto anacheza mpira, na mto unapanda. Wageni walikuwa wanashangaa. Mvua haikunyesha Jangwani, imenyesha Pugu. Mto unatoka vilima vya Pugu huko Kisarawe, unashuka hadi Vingunguti, Tabata, Kigogo, unapokea Mto Ubungo na Mto Sinza, ndipo unatufikia sisi, halafu daraja la Salenda, unapoingia baharini. Mtoto wa Jangwani amjue ndugu yake wa Pugu. Na ukifika Salenda ukakuta bahari imejaa, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mto hayana pa kwenda, yanarudi nyuma kwenye nyumba za watu. Wavuvi wa Kunduchi na Feri wanajua siku za bamvua bila kalenda, wanaangalia mwezi. Kwa nini mtoto wa Dar amalize shule hajui?

BintiPwani ameandika:

Mzee wetu, shikamoo. Hili ulilolisema limenipa mpango mzima.

Walimu, tazameni: shule moja Pugu, moja Tabata, moja Kigogo, moja Upanga karibu na Salenda, kila moja na chupa yake ya kupimia mvua, na kila asubuhi saa tatu walimu wanatumiana namba kwenye kundi la WhatsApp. Hilo tu. Siku ambayo Pugu imeandika milimita nyingi na Upanga sifuri, watoto wa Kigogo watoke wakaangalie rangi na kina cha maji darajani, wakiwa mbali na kingo na mwalimu akiwa nao. Hakuna kitabu kitakachowafundisha bonde la mto kama hivyo. Sote tunajua Dar mvua inaweza kupiga Mbezi huku Mbagala ni vumbi, lakini nani ana namba? Namba zikitoka kwa watoto ni za kwao.

Kuhusu bamvua: inakuja kipindi cha mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji mafu, yale yasiyojaa sana, yanakuja katikati, mwezi ukiwa nusu. Na kila siku maji yanajaa takriban dakika 50 baadaye kuliko jana. Darasa la shule iliyo karibu na pwani linaweza kuchora mwezi kila jioni na kuandika saa ya maji kujaa kwa mwezi mzima. Wakimaliza hawahitaji tena kukariri nguvu ya uvutano wa mwezi.

MchuWaKunduchi ameandika:

Mmefika kwangu sasa. Mimi nawapeleka vijana wa kidato cha pili kwenye mikoko Kunduchi, na kuna walimu wa Mbweni na Mtoni Kijichi wanafanya hivyo hivyo. Nieleze kidogo kwa walio na hamu.

Kwanza nenda maji yakiwa yanakupwa. Angalia jedwali la maji au muulize mvuvi. Ukienda bahari inajaa hutaona kitu na utahatarisha watoto. Pili, mikoko ni hifadhi ya misitu kisheria, kwa hiyo ongea mapema na ofisi ya misitu ya eneo lako na serikali ya mtaa. Hatukati, hatung'oi. Viatu vya kufunga ni lazima, kuna chupa zilizovunjika na magamba ya chaza.

Mkifika, wape kazi ya kulamba. Ndiyo, kulamba. Jani la mchu, mmoja wa miti ya mikoko, upande wa juu lina chumvi, unaihisi kwenye ulimi, na kukiwa na jua unaona chembe zake zinameta. Mchu unavuta maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo iliyopinda kama miguu ya kaa, unaizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Miti miwili imekaa jirani, shida moja, njia mbili. Waulize vijana kwa nini mchu una mizizi midogo iliyochomoza juu kama penseli elfu. Waache wachokonoe tope, wasikie harufu yake ya yai viza. Hakuna hewa humo. Mizizi inapanda kuitafuta juu.

Kisha wahesabu kwa kamba. Nyosha kamba kutoka majini kwenda nchi kavu, kila hatua kumi waandike mti gani upo. Mbele kabisa baharini wataukuta mlilana, nyuma yake mkoko, kisha msinzi na mkandaa, na mchu wanaukuta mbele na hata nyuma kabisa. Mpangilio huo unatokana na muda ambao kila sehemu inafunikwa na maji, na ugumu wa tope.

Hapa nina jambo linaloniuma. Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, watu wanakuja na fulana mpya kupanda mikoko. Wanachomeka mbegu ndefu za mkoko popote penye tope, wanapiga picha, wanaondoka. Nyingi zinakufa, kwa sababu zimepandwa kwenye kina kisicho chake. Tuwafundishe vijana kurudi. Wafunge utepe kwenye miche hamsini, waje kila baada ya miezi mitatu kuhesabu mingapi hai na mingapi imekufa, na sehemu gani. Hiyo ndiyo sayansi. Sherehe haina jedwali.

KalamuNyekundu ameandika:

Nimesoma uzi wote. Mada nzuri lakini mnakwepa ukweli mmoja: mwalimu hana motisha. Semina yenye posho watu wanajaa, ya bure unakaa na viti. Mnataka mwalimu atumie bando lake, kopo lake, muda wake. Mpaka lini?

BintiPwani ameandika:

KalamuNyekundu, sitakubishia kwamba maslahi ya mwalimu ni jambo la kudai, na tuendelee kulidai. Ila naomba tutazame kilichopo tayari. Kwenye MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kuna Jumuiya za Kujifunza, walimu wanatakiwa wakutane shuleni kwao na kujadili ufundishaji. Shule nyingi tunakutana, tunasoma moduli kwa sauti, tunasaini mahudhurio. Muda huo huo, kwa nini tusitoke na makopo? Ule muda upo kwenye ratiba, hauongezi safari wala nauli.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa kwetu siku tuliyoamua kufanya hivyo. Walimu wa sayansi, wa hisabati, hata wa Kiswahili, tulizunguka lile kopo. Mwalimu wa hisabati akasema nusu lita haitoshi kulinganisha kwa sababu kopo lina mzingo fulani, tubadilishe tuandike kina cha maji kwa milimita ili kilingane na kipima mvua. Alikuwa sahihi, na ndivyo tunavyofanya sasa. Mwalimu mmoja ambaye kwa miaka alikuwa anakwepa vipindi vya sayansi akaomba aishike yeye saa. Posho ya kazi ile haikuwepo, lakini kesho yake alilifundisha darasa lake bila kuniuliza chochote.

Na serikali za mitaa na waratibu elimu kata mkisoma hapa, mwalimu haombi makubwa. Apewe siku moja kwa muhula ya kutembelea shule nyingine na kuona jaribio likifanyika mbele ya watoto wa kweli.

MkemiaWaKidato ameandika:

Naongeza kidogo kwa KalamuNyekundu. Erasto Mpemba alikuwa kijana wa kidato cha tatu pale sekondari ya Magamba, mwaka 1963, anatengeneza aiskrimu. Akaweka maziwa ya moto kwenye friji, yakaganda kabla ya yaliyopoa. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakuacha. Alipokuwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu hapa Dar, na huyu badala ya kumcheka akaenda kulifanya jaribio. Mwaka 1969 wakaandika pamoja, na hadi leo wanasayansi duniani wanabishana juu ya jambo hilo, wengine wanakubali, wengine wanakataa. Mwalimu anayetoka nje na kopo ndiye anayeweza kusema "sijui, twende tukapime". Aliyezoea kunakilisha hawezi.

MamaJunia ameandika:

Mimi ni mzazi, nimefuatilia kimya kimya. Naomba kuuliza: kuna ruhusa ya mzazi hapo? Mtoto wangu akirudi anasema wamechota maji ya tairi nitashtuka.

AfyaMtaani ameandika:

Mama, mwalimu ndiye achote, kwa kata yenye mpini. Mtoto anatazama tu. Wakimaliza wote wananawa kwa sabuni. Kwa safari za nje ya shule kama mikoko, barua kwa mzazi lazima ije na uisaini.

ChakiMoja ameandika:

Mrejesho wakuu. Kwenye yale matairi ya maua tumekuta viluwiluwi, vyote vinaning'inia kichwa chini, hakuna aliyelala sambamba. Watoto wakauliza kama ni Kuleksi au Aedesi, na kwa macho sikuweza kuwatenganisha, lakini kwa kuwa ni tairi lenye maji ya mvua tukaandika "huenda Aedesi". Mwalimu mkuu alikuja kuangalia, akatoa amri matairi yatobolewe chini ili maji yasitue. Watoto wenyewe ndio walioleta misumari.

Swali kwako BintiPwani: makopo ya maziwa huku kwetu hayapatikani kirahisi, na chupa yetu ya kwanza ya mvua imeibiwa.

BintiPwani ameandika:

Hongera sana mwalimu, na hilo "huenda" mliloandika ndilo hasa.

Kopo: nenda kwa fundi bomba yeyote, omba mabaki ya bomba la plastiki la inchi nne, ukate vipande vya sentimita ishirini. Ni bora hata kuliko kopo, halipindi ukiligonga, ila linoe ukingo wa chini kwa kisu.

Chupa: tengeneza tatu kwa pamoja. Moja iweke wazi uwanjani, mbili zibaki ofisini. Iliyo nje izungushie mawe na uandike majina ya watoto wa zamu juu yake kwa wino usiofutika, hawatakubali iguswe. Chupa ikipotea katikati ya wiki, kwenye jedwali siku hizo andikeni "haikupimwa". Siku ambayo chupa ipo na mvua haikunyesha, andikeni 0. Msiache nafasi wazi, la sivyo mwisho wa Mei hamtajua ipi ilikuwa kavu na ipi hamkusoma. Shule za kuanzia Pugu hadi Salenda zilizo tayari, nitumieni ujumbe wa faragha niwaunge kwenye kundi, tuanze kutumiana namba tarehe 1 Machi.